Matairi yasiyolingana kwenye gari la AWD: namna ya kupima, kununua na kuokoa giaboksi

Fundi matairi alichuchumaa nyuma ya gari, akapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya tairi, kisha akanyanyuka. “Bosi, hizi mbili za nyuma bado zinadai. Funga mbili mpya mbele, utembee zako.”

Ilikuwa Morogoro, jua la saa nane. Tairi moja la mbele lilikuwa limepasuka ubavuni kwa jiwe, na mwenzake alikuwa anakaribia kipara. Ushauri wa yule fundi ulikuwa wa haki kabisa kwa Vitz au IST inayovutwa na matairi ya mbele peke yake. Gari langu lakini ni Forester ya 2009, nayo ni AWD, yaani huvuta kwa matairi yote manne muda wote. Nikafunga mawili mapya, nikaondoka.

Miezi minne baadaye, nikiingia kwenye maegesho usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, gari lilianza kukaza. Unakanyaga mafuta kidogo, linasogea kwa kushtukashtuka kana kwamba hendibreki imesahaulika juu, kisha linaachia kwa kishindo kidogo chini ya miguu. Fundi niliyempelekea alitaka kushusha giaboksi siku hiyohiyo. Nilimwomba anisubiri mpaka kesho yake, nikachukua futikamba nyembamba ya chuma. Mzingo wa matairi ya mbele: milimita 2,152. Wa matairi ya nyuma: 2,124. Ubavuni yote manne yameandikwa saizi ileile, 215/65R16.

Hizo milimita 28 ndizo zilizokuwa zinaiumiza klachi ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Barabara za Afrika Mashariki zimejaa Forester, RAV4, X-Trail, Harrier na CR-V zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika, na wengi wetu tunanunua matairi mawilimawili kadiri mfuko unavyoruhusu. Ninaandika haya ili mtu apime kwanza, kabla hajamkabidhi fundi giaboksi.

Kinachotokea chini ya gari

Gari likikata kona, kila tairi hutembea njia yake. La nje huenda mbali kuliko la ndani, na ya mbele huenda mbali kuliko ya nyuma. Difu huruhusu la kushoto na la kulia kupishana mwendo. Kwenye gari la AWD lazima kuwe na kitu kingine cha kuruhusu mbele na nyuma kupishana, na kitu hicho kimetengenezwa kivumilie tofauti ndogo kwa muda mfupi, yaani kona. Kona huisha baada ya sekunde chache, ila tofauti ya matairi inaendelea hata barabara ikiwa imenyooka kama rula.

Chukua vipimo vyangu. Tairi la mzingo wa milimita 2,152 huzunguka takriban mara 464.7 kwa kilomita. La 2,124 huzunguka mara 470.8. Tofauti ni mizunguko sita kwa kila kilomita. Kutoka Morogoro hadi Dar, karibu kilomita 190, matairi ya nyuma yamezunguka zaidi ya mara 1,100 kuliko ya mbele. Shafti ndefu inayokwenda nyuma huzunguka mara nne na ushee kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo msuguano unaofika kwenye klachi ya katikati ni wa mizunguko 4,500 na zaidi, safari moja tu. Msuguano huo unageuka joto, na joto ndilo linalounguza oili na sahani za klachi.

Yapo mabaya zaidi. Kompyuta ya gari haijui kuwa umefunga matairi yasiyolingana. Inachoona ni kwamba upande mmoja unazunguka haraka kuliko mwingine, kwa hiyo inaweza kudhani upo kwenye tope na unateleza. Dawa yake ya tope ni kubana klachi. Hapo ndipo inapobana kitu ambacho kingepaswa kuachiwa kiteleze.

Hatua ya 1: jua gari lako linagawaje nguvu

Kwanza hakikisha kweli ni la matairi manne, maana RAV4, Harrier na X-Trail nyingi zinazoingia ni za mbele tu. Chungulia chini: ukiona shafti ndefu inatoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma, mwongozo huu unakuhusu.

Subaru za giaboksi ya otomatiki ya gia nne zina klachi ya sahani nyingi mwishoni mwa giaboksi, ikitumia oili ileile ya giaboksi. Kompyuta ndiyo inayoamua ibane kiasi gani. Subaru za manyuo hutumia difu ya katikati yenye koplingi ya mnato, chombo kilichofungwa chenye sahani nyingi na kimiminika cha silikoni. RAV4 za 2000 hadi 2005 na Harrier za kizazi cha kwanza zina koplingi ya namna hiyohiyo. Silikoni ikichemka kwa msuguano wa muda mrefu, sahani hushikana. Chombo hicho hakifunguliwi kikasafishwa, hubadilishwa kizima.

X-Trail, Outlander, na RAV4 za kuanzia 2006 pamoja na ndugu yake Vanguard, zina koplingi ya umeme inayopeleka nguvu nyuma inapohitajika. Hizi zinavumilia kidogo zaidi kwa sababu mara nyingi koplingi imeachia, ila kompyuta ikidanganywa na matairi itaibana mara kwa mara, na taa ya 4WD inaweza kuwaka kwenye dashibodi.

CR-V za zamani zina utaratibu unaonivutia sana. Difu ya nyuma ina pampu mbili za oili, moja ikizungushwa na mwendo wa mbele, nyingine na mwendo wa nyuma. Mwendo ukilingana, oili inazunguka bila presha. Ukipishana, presha inapanda na kubana klachi. Sasa funga matairi yasiyolingana mbele na nyuma: pampu hazitalingana tena hata kwenye lami kavu. Difu hiyo ina oili yake maalumu, na ukimiminia ya kawaida, kelele za kona zitaanza hata kama matairi yako ni sawa.

Prado zina difu halisi katikati, hivyo zinavumilia zaidi, mradi usiifunge kwa loku ukiwa kwenye lami. Hilux na Land Cruiser za mfululizo wa 70 hazina kabisa difu ya katikati. Ukiwa kwenye 2WD, tofauti ya mbele na nyuma haina neno. Ukiweka 4H, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kama chuma kimoja, na matairi yasiyolingana yatakaza mfumo wote hata kwenye njia iliyonyooka.

Hatua ya 2: upepo kabla ya futikamba

Tairi lenye upepo pungufu linakaa chini kidogo na kuzunguka zaidi. Ukipima bila kusawazisha upepo, unapima uongo. Fanya asubuhi gari likiwa limelala, matairi yakiwa baridi. Kibandiko cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari ya Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni sawa na 32 ya geji zetu, 230 ni kama 33. Usikubali ile tabia ya kujazwa 40 kila tairi “kwa sababu ya mzigo”.

Hatua ya 3: pima, kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni mzingo. Weka gari sehemu tambarare, zuia matairi mengine kwa mawe, inua tairi moja kwa jeki mpaka liache ardhi. Zungusha futikamba nyembamba ya chuma katikati kabisa ya uso wa tairi, sio pembeni, na uhakikishe haijapinda. Futi ya fundi cherehani haitatosha, ina sentimita 150 tu na tairi la Forester linazidi mita mbili. Ukikosa futikamba, tumia kamba ya katani isiyovutika, weka alama ya kalamu inapokutana, kisha inyooshe sakafuni uipime. Uzi wa nailoni unavutika, utakupa namba tofauti kila mara. Pima kila tairi mara mbili, andika.

Njia ya pili haihitaji jeki, nami naipenda kwa sababu inamwonyesha hata asiyetaka hesabu. Tafuta sakafu iliyonyooka yenye urefu wa mita 25. Weka usukani sawasawa, zima injini, weka gia ya N. Kwa chaki, chora mstari kwenye kila tairi pale chini kabisa linapogusa ardhi. Waombe vijana wawili wasukume polepole mbele, mwenzako akihesabu mizunguko ya tairi la mbele kulia. Likifika mzunguko wa kumi na mstari wake ukiwa chini kabisa, simama. Sasa zunguka gari ukiangalia mistari mingine mitatu. Kila milimita moja ya tofauti ya mzingo imekuwa milimita kumi. Kwenye gari langu mistari ya nyuma ilikuwa imepita chini ikapanda juu sentimita 28, karibu urefu wa rula ya mwanafunzi ya sentimita 30. Yule fundi wa giaboksi aliitazama, akatikisa kichwa, akasema, “Kumbe.” Hakugusa boliti hata moja siku ile.

Kisha pima kina cha mifereji. Kipimo chake ni kidogo na cha bei nafuu, ila njiti ya kiberiti inatosha: ichomeke kwenye mfereji, weka ukucha usawa wa mpira, ipime kwenye rula. Fanya nje, katikati na ndani ya kila tairi. Usichomeke juu ya kile kituta kidogo kilichomo ndani ya mfereji. Hicho ni alama ya mwisho wa tairi, kina urefu wa milimita 1.6. Ndani ikiwa imelika kuliko nje, alaimenti haipo sawa, na hata ukinunua matairi manne mapya yataharibika kwa mtindo uleule.

Hatua ya 4: soma namba zako

Subaru wanataka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita moja ya mpira iliyolika hupunguza mzingo kwa milimita 6.28. Kwa hiyo robo inchi ni kama milimita moja tu ya kina cha mifereji. Tairi jipya huwa na takriban milimita 8. Lililobaki na 3.5, ambalo kila fundi atakuambia bado linadai, limeshapoteza milimita 28 za mzingo.

Kitabu cha gari lako kikiwa na kiwango chake, fuata hicho. Mimi natumia robo inchi kwa kila AWD yenye klachi au koplingi katikati. Tofauti ikiwa kati ya milimita 6 na 12, badilishana matairi mbele na nyuma mapema, uvizie yakaribiane. Ikizidi hapo, usiende nalo safari ndefu.

Angalia pia matairi yamepangwaje. Mawili mapya mbele na mawili ya zamani nyuma yanaiumiza klachi ya katikati. Jipya kushoto na la zamani kulia kwenye ekseli moja linaitwisha mzigo difu ya ekseli hiyo, na kama ni difu yenye klachi ndani, inalika haraka.

Hatua ya 5: kununua

Nunua manne, kampuni moja, muundo mmoja, saizi moja, siku moja. Saizi ileile kwa kampuni mbili tofauti haimaanishi mzingo uleule. Nimepima mwenyewe matairi mapya ya 215/65R16 yaliyopishana zaidi ya sentimita moja. Na usibadili rimu mbili tu. Forester za kizazi changu zilitoka kiwandani na 215/65R16 au 225/55R17, zote halali, ila ukichanganya mbili za hii na mbili za ile umeshajiongezea tofauti ya milimita 21 kabla hata mpira haujalika.

Ikiwa uwezo ni wa matairi mawili kwa sasa, nasema kwa dhati: subiri, au tafuta manne ya mtumba yaliyotoka kwenye gari moja. Mtumba una masharti yake. Soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Pima kila moja kwa kamba dukani kabla ya kulipa, muuzaji akinuna mwache anune. Epuka yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Hayo ni ya theluji ya Hokkaido, mpira wake ni laini, na kwenye lami yetu ya moto yanalika haraka na bila mpangilio.

Tairi moja likipasuka na matatu yaliyobaki yakiwa na afya, kazi ni kutafuta mwenzao: kampuni ileile, muundo uleule, kina kinachokaribiana. Marekani kuna maduka yanayonyoa tairi jipya kwa mashine mpaka lifanane na yaliyobaki. Huku kwetu njia rahisi ni kupiga picha ubavu na uso wa tairi lako, ukazunguka nayo kwa wauzaji wa mtumba ukiwa na njiti yako mfukoni. Nilihangaika siku mbili kwa wauzaji wa mtaa wa Gerezani, Dar, kumtafutia shemeji yangu tairi la X-Trail, na tulilipata.

Spea yako ikiwa ya saizi kamili, ihesabu tangu mwanzo: nunua matano, uyazungushe yote matano. Vinginevyo spea itabaki mpya huku mengine yakilika, na siku ya pancha itakuwa ndiyo isiyolingana.

Hatua ya 6: pancha njiani

Spea nyembamba, ile watu wanayoifananisha na tairi la pikipiki, inahitaji upepo wa 60 na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Mzingo wake unaweza kupishana na tairi lako, kwa hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi pancha wa karibu.

Subaru nyingi za zamani zenye otomatiki ya gia nne zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Chomeka fyuzi humo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi na matairi ya nyuma yataacha kuvuta. Weka spea nyuma. Kama lililopasuka ni la mbele, hamisha la nyuma uliweke mbele kwanza. Ni kazi ya dakika kumi zaidi na inaokoa klachi. Ukishalirudisha tairi, toa fyuzi. X-Trail na Outlander zina swichi yenye 2WD, iweke hapo. Zenye koplingi ya mnato hazina pa kuzima, hivyo nenda polepole na karibu. Na gari likishindwa kabisa, lipande juu ya gari la kubebea. Kulivuta huku matairi mawili yakiwa ardhini yanazunguka na mawili yamening'inia ni kuiunguza klachi ileile unayotaka kuiokoa.

Hatua ya 7: gari likishaanza kukaza

Endesha dakika ishirini oili ipate moto. Nenda uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia kisha kushoto. Kukaza na kushtuka kama breki imeshika ni dalili ya katikati. Mlio wa “ka-ka-ka” wakati unaongeza mafuta ni jointi za shafti za mbele, ugonjwa mwingine. Mvumo unaopanda na mwendo, ukitokea nyuma, ni difu au beringi.

Kama una kisanduku cha FWD, chomeka fyuzi urudie zoezi. Kukaza kukiisha, klachi bado inaweza kuachia, na mshukiwa wa kwanza ni matairi. Kukiendelea vilevile, huenda vali inayoamuru klachi imekwama, au meno ya sahani yamechimba mitaro kwenye kikombe cha klachi na sasa yananasa humo badala ya kuteleza. Hapo fundi atafungua nyuma ya giaboksi. Kwenye Subaru hizi sehemu hiyo hufunguliwa gari likiwa halijashushwa giaboksi nzima, kwa hiyo uliza mara mbili ukisikia bei ya kushusha.

Mpangilio wangu wa matengenezo, kuanzia cha bei ndogo: upepo, kulinganisha matairi, oili. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, idondoshe kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni nzuri. Kahawia yenye harufu ya kuungua, badilisha, na baada ya kutembea kilomita mia chache badilisha tena, kwa sababu ukimwaga mara moja nyingine hubaki ndani. Difu ya nyuma nayo ina oili yake, chini ya lita moja ya 75W-90 ya GL-5, na watu wengi hawajawahi kuigusa tangu gari lishuke bandarini.

Langu nililifunga matairi manne yanayolingana na kubadilisha oili mara mbili. Wiki ya kwanza lilikaza bado, kidogo kidogo. Wiki ya tatu likaacha. Sasa kila kilomita 8,000 nayazungusha matairi, ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma, kila moja upande wake kwa sababu yana mshale wa mwelekeo. Kila nikifanya hivyo naandika mizingo yote manne kwenye daftari lililo ndani ya droo ya gari. Mara ya mwisho namba zilikuwa 2,139, 2,140, 2,137 na 2,138.